Sura ya Kaburi

Kitabu changu kinaanza na choo. Nilipowaambia hivyo watu wa kampuni ya vitabu, dada wa mauzo aliyeitwa Happy aliweka uma mezani akanitazama kama nimekohoa kwenye sahani yake.

"Choo kivipi, mama?"

"Choo cha shimo. Watu sitini na wawili, siku kumi na moja, porini. Mnadhani filamu ni kamera. Filamu ni choo. Siku kikijaa hakuna mwigizaji atakayekumbuka maneno yake."

Tulikuwa kwenye hoteli ya watalii karibu na lango la Ikoma, saa nne asubuhi. Kampuni hiyo ya Dar es Salaam ilikuwa imetangaza kwamba inatafuta kumbukumbu za watu waliofanya kazi nyuma ya kamera. Mimi nilituma kurasa mia mbili na kumi. Waliochaguliwa tuliitwa mmoja mmoja, kila mtu na dakika zake ishirini za kukinadi kitabu chake huku wenzetu wakinywa chai.

Jina langu ni Winfrida, ila wengi wananiita Mama Nashoni. Nimezaliwa Nyangoto, nimeolewa Ikoma, nina watoto watatu na stashahada ya utalii. Kwa miaka kumi na minne nimekuwa yule mtu ambaye wenye filamu wanamwita fiksa. Anatafuta vibali, magari, vyakula, watu wa kujaza umati, ng'ombe wapole, na mahali pa kwenda haja. Nimefanya filamu tisa. Jina langu halijaandikwa mwishoni mwa hata moja. La mbwa wa mwongozaji liliandikwa. Kwa hiyo kitabu nilikitaka, tena sana, na sikuona sababu ya kulificha hilo.

Mhariri mkuu aliitwa Godwin. Alivaa shati la kitani na bangili ya shanga aliyoinunua getini asubuhi ile, bei ikiwa bado imening'inia.

"Choo tutakiongelea," alisema. "Mimi nataka sura ya tisa. Kaburi. Dada Winfrida, nimeisoma mara mbili kwenye ndege. Hiyo sura ndiyo kitabu."

Sura ya tisa inaeleza hivi. Mwaka 2017 tulipiga filamu ya kigeni kule Nyanungu, habari za daktari wa vita anayemzika rafiki yake. Mwongozaji aliupenda mji, yaani boma la familia, wa mzee mmoja, marehemu sasa, kwa sababu ya mawe makubwa yaliyoko nyuma ya nyumba. Akataka kaburi lichimbwe palepale, la kweli, futi sita. Nikaenda kumwomba mama wa mji, Bibi Wegesa, mke wa huyo mzee. Bibi akasema kwao kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Halina mtu, basi unazikwa mgomba, anachinjwa mbuzi, wazee wanasema maneno yao, na aliyechimba ndiye anayefunga. Nikamwambia tutafanya yote. Akaruhusu. Tulipomaliza kupiga, mvua ikaja, kampuni ikafunga virago siku hiyohiyo na shimo likabaki wazi. Liliingia maji. Likaingia vyura. Nchagwa, mtoto wa Bibi, alisubiri wiki tatu waliochimba warudi, hawakurudi, mwishowe akalifunga mwenyewe kwa mbuzi wake na aibu yake.

"Nzuri mno," Godwin alisema. "Ila kuna mstari hapa unaupita kama gari la mizigo linavyopita kituo. 'Mwaka uliofuata familia ilimpoteza Elieth, mtoto wa Nchagwa, miaka mitatu, kwa malaria.' Basi. Unaendelea na habari za jenereta."

"Ulitaka niandike nini kingine?"

"Si unaona mwenyewe? Kaburi linaachwa wazi kwenye mji wa watu. Halafu mtoto."

Happy aliinua mikono miwili akaifungua hewani polepole, kama anatandika kitambaa. "Laana ya Kaburi. Naiona kwenye jalada. Na kiatu kidogo cha mtoto pembeni."

Nilisukuma sahani ya mayai pembeni, na mayai yao yalikuwa mazuri.

"Elieth alikufa kwa sababu mto ulijaa na pikipiki haikuvuka," nilisema. "Nilikuwa msibani. Nilimwona."

"Hatusemi ilikuwa laana," Godwin alisema kwa upole, sauti ya mtu anayemtoa mtoto kisu mkononi. "Tunamwachia msomaji. Tunampanga tu vizuri. Mama, kuna watu kumi wametoka hapa wakiwa na simba. Simba wote wanafanana. Wewe una kaburi."

"Na bila laana?"

"Bila laana una vyoo."

Alisukuma mkataba upande wangu wa meza. Ulikuwa na jina langu lote, la ubatizo na la ukoo, limechapwa kwa herufi nzito. Akasema niupeleke nyumbani, niisuke upya sura ya tisa, na nilete barua ya familia ya Nyanungu yenye saini kwamba wameridhia kuandikwa. Nikaukunja nikauweka kwenye mkoba. Nilijiambia kwanza nipate barua, habari ya laana nitagombana nayo baadaye. Ndivyo nilivyozoea kufanya kazi: pata kibali, mengine yatajipanga.

Jumatano nilikuwa Nyanungu na kilo mbili za sukari, sabuni, sura ya tisa, na barua ya ridhaa ya kutiwa saini mkobani.

Bibi Wegesa alikuwa ameketi mlangoni pa kibanda chake, anapeta ulezi. Amezeeka, ila mikono bado ina nguvu. Pembeni yake palikuwa na mafiga matatu na chungu kidogo, cha kumtosha mtu mmoja. Nilikiona, na nilijua maana yake. Mama mwenye mkwe na wajukuu kwenye mji hapiki chungu cha peke yake labda kuwe na jambo. Ng'ambo ya uwanja mke wa Nchagwa alikuwa anafua. Watu bado wanamwita Mama Elieth. Alinisalimu kwa mbali, akarudi kwenye beseni.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umenenepa."

"Kazi ya kukaa, Bibi. Siku hizi naandika."

"Unaandika nini?"

Nikamweleza. Nikamwambia kuna kitabu, kuna sura inayohusu mji wake, na kwamba sitaki kuichapa bila yeye kuisikia. Hilo lilikuwa kweli kwa sehemu. Sehemu nyingine ilikuwa ile barua.

"Soma," alisema.

Nilisoma Kiswahili kimoyomoyo, nikawa naitoa kwa Kikurya. Ilichukua karibu saa nzima. Alicheka pale mwongozaji alipozama kwenye matope akaacha kiatu. Kwenye vyura alitikisa kichwa. Kwenye mstari wa Elieth mikono ilisimama juu ya ungo, kisha ikaendelea.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mbuzi yuko wapi?"

Nikajifanya natafuta ukurasa. "Nimeandika kwamba Nchagwa alitoa mbuzi wake."

"Huyo wa Nchagwa nimemsikia. Nauliza yule wenu. Mwekundu, mwenye doa jeupe shingoni. Alifungwa kwenye lori la jenereta tangu asubuhi." Alipuliza makapi. "Umeandika mvua. Umeandika vyura. Kiatu cha Mzungu umekiandikia ukurasa mzima. Mbuzi hukumwandika."

Mbuzi sikumwandika kwa makusudi, na sasa nimweke hapa kama alivyokuwa.

Alinunuliwa kwa jirani wa Bibi, kwa ajili ya kufunga lile shimo. Wazee walikuwa waje saa tisa alasiri. Saa sita wingu likasimama, na gari la chakula kutoka Mugumu lilikuwa limekwama. Watu sitini walikuwa na njaa na siku hiyo ilikuwa ya mwisho, siku ambayo desturi ya wenye filamu ni kula nyama na kukumbatiana. Mpishi wetu Dullah alinijia na kisu mkononi, akaangalia lori la jenereta.

"Mama Nashoni, huyu si wa wazee?"

"Chinja," nilimwambia. "Tutanunua mwingine."

Hatukununua. Saa nane mvua ilianza, saa tisa magari yalikuwa barabarani.

Hiyo ningeweza kuiandika. Ningeilaumu mvua, ningelaumu njaa, na msomaji angenielewa. Lakini wiki moja baadaye Nchagwa alinipigia simu. Nilikuwa kwenye uwanja mdogo wa ndege, napokea watu wengine na masanduku ishirini na tisa. Akasema, "Dada, mbuzi wa kufunga shimo hatumwoni." Nikamwambia, "Nilimkabidhi mama yako. Muulize." Nikakata.

Sikuwa na ugomvi na Bibi. Nilikuwa na haraka, na jina lake ndilo lililokuwa karibu na mdomo.

"Nchagwa aliniuliza," Bibi alisema. "Nikasema sijapewa mbuzi. Akauliza tena. Nikasema tena. Nani angenisikia? Wewe una diploma. Una gari limeandikwa mlangoni. Mimi nina ndugu zangu kule ng'ambo ya mto, basi wakasema nimempeleka huko akaliwe. Mama mzima nimeiba mbuzi wa kaburi la mji wangu. Halafu mtoto akafa." Alinyoosha kidevu upande wa beseni. "Yule hakunitukana. Alihamisha tu chungu, hanipikii tena. Miaka saba."

"Bibi, ulijua kwamba alichinjwa?"

"Nyama ilinukia mpaka hapa. Tulikuwa tumekaa karibu na shimo, mimi na wazee watatu, tunawasubiri, tunamnusa mbuzi wetu. Mzee Elia alisema, 'Wageni wanakula vizuri.' Hatukujua ni mbuzi yule. Mimi nilijua baadaye, nilipoikuta ngozi imetupwa kule chooni kwenu."

Choo ambacho kitabu changu kinaanza nacho. Nilichimbisha mwenyewe.

"Kwa nini hukuwaonyesha ngozi?"

"Nilionyesha. Wakasema nimechinjia huko."

Nilifunga karatasi zangu. "Bibi, nitaandika. Naongeza ukurasa leo hiihii. Kitabu kikitoka, kila mtu atasoma kwamba..."

"Nani hapa atasoma? Mimi sisomi. Shemeji yangu Nikodemo macho yameisha. Kitabu chako kitakaa Dar es Salaam kinasomwa na watu wasionijua, na mimi nitaendelea kupika kachungu haka." Aliweka ungo chini. "Mwite."

"Nani?"

"Unajua nani. Na umwambie kwa Kikurya, kila mtu asikie, hata kuku."

Nimewahi kuomba kibali kwa mkuu wa mkoa aliyeamka vibaya. Nimewahi kumtoa twiga barabarani kwa maneno. Sikuwahi kupata ugumu niliopata kusema "Mama Elieth, njoo kidogo."

Alikuja na mikono yenye povu. Nikasema. Sikutoa sababu nyingi, maana kila niliyoianza Bibi Wegesa alikohoa. Nikasema mbuzi alichinjwa kwa amri yangu. Nikasema mama mkwe wake hakukabidhiwa kitu. Nikasema kwamba Nchagwa aliponipigia nilidanganya.

Mama Elieth alijifuta povu mikononi.

"Na wewe ulikula?"

"Nilikula."

"Sehemu gani?"

"Paja."

"Ilikuwa tamu?"

Ningeweza kusema sikumbuki. Nimesema mara nyingi kwa mambo mengine.

"Ilikuwa tamu," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia. Akarudi kufua. Hakumtazama Bibi na Bibi hakumwita. Nguo zilipigwa kwa nguvu zaidi, basi.

Nchagwa aliporudi na ng'ombe nilirudia yote, tumesimama kwenye mlango wa zizi. Alisikiliza akichora chini kwa fimbo. Nilidhani atanifukuza.

"Haya si ya kusemwa zizini," alisema. "Mama alisingiziwa mbele ya ukoo. Atasafishwa mbele ya ukoo. Jumamosi watu wanakaa hapa. Wewe uje na hizo karatasi zako, ziwe zimeandikwa vizuri, usije ukasahau njiani."

"Nitakuja."

"Ulisema hivyo kuhusu mbuzi."

Barua ya ridhaa haikutoka kwenye mkoba.

Alhamisi nilikaa nikaandika ukurasa wa mbuzi. Uliandikika haraka kuliko zote, kwa kuwa haukuhitaji mapambo. Nikamtumia Godwin. Saa nane mchana akapiga simu.

"Dada Winfrida, hapa umejiua."

"Kivipi?"

"Msomaji anakufuata sura nane. Anakupenda. Mama shupavu, choo, twiga, anacheka na wewe. Sura ya tisa anakuta umekula mbuzi wa kaburi na kumsingizia bibi kizee. Nani anunue kitabu cha mtu huyo?"

"Mtu huyo ni mimi."

"Najua. Sasa mpe Dullah. Dullah achinje bila kukuuliza, wewe ugundue nyama ikiwa kwenye sahani. Unashtuka. Unalia."

"Dullah aliuliza. Ndiye pekee aliyeuliza siku ile."

"Sawa, sawa. Njia nyingine." Nilimsikia anavuta kiti. "Tuibakishe, ila tuibebe mpaka mwisho. Umekula mbuzi, laana imempata mtoto. Miaka saba unajua moyoni ni wewe uliyemuua. Unarudi Nyanungu. Unapiga magoti kwenye kaburi la Elieth."

Nikasikia sauti ya Happy nyuma: "Magoti, ndiyo. Na mvua."

Hapo iliyonijia haikuwa hasira. Ni ile hali ya kufunua sufuria iliyosahaulika wiki nzima. Unajua kilichomo, ulikiweka mwenyewe, na bado pua inakataa. Kwa maana Godwin hakuwa anafanya jambo geni. Alitaka kuchukua kitu cha watu kilichokuwa na kazi yake, awalishe watu wenye njaa, halafu jina la karibu libebe lawama. Mimi nilimtangulia miaka saba.

"Godwin, una watoto?"

"Wawili. Kwa nini?"

"Wanaitwa nani?"

"Wanahusikaje?"

"Nataka tu majina."

"Hapana, mama, hayo ni ya nyumbani."

"Umeona. Na wako hai."

Alipumua kwenye simu. Si mtu mbaya, na hilo nalo lilinichosha. Akasema wao wana wadhamini, wana tarehe, na ana kumbukumbu za simba za dereva mmoja ambazo zinaweza kurekebishwa. Akasema nikisema hapana leo, yeye hatarudi kesho. Nikamwambia hata mimi. Tukaagana kwa heshima. Mkataba niliurudisha kwa basi, ndani ya bahasha yao wenyewe, na jina langu lote lililochapwa kwa herufi nzito.

Nashoni, mwanangu mkubwa, aliniuliza kwa nini nisingekubali tu, watu wenyewe si hawasomi.

"Hivyo ndivyo nilivyofikiri nikiwa kwenye simu na Nchagwa," nilimwambia, nikamtuma akaniletee karatasi za kuchapia.

Jumamosi nilifika Nyanungu saa tatu. Walikuwa wameketi kwenye vigoda na magogo, watu kama ishirini, wanaume mbele, wanawake upande wa jiko. Bibi Wegesa alikuwa amewekewa kiti cha plastiki karibu na mimi, amevaa kitenge kipya. Mama Elieth alikuwa jikoni. Niliona moshi, sikumwona yeye.

Nilianza mwanzo wa sura, nikatoa kwa Kikurya. Walifurahia kiatu cha Mzungu kama Bibi alivyokifurahia. Nikafika kwa mbuzi. Nikaeleza wingu, gari lililokwama, watu sitini, mvua ilivyokuwa inakuja, kisha nikasema nilimwamuru Dullah achinje, na kwamba niliposema nimemkabidhi Bibi Wegesa nilisema uongo.

Mzee Elia, yule aliyesifu nyama ya wageni, aliangalia chini.

Wakati huo mzee Nikodemo, shemeji wa Bibi, akaingia akishikwa mkono na mjukuu. Watu wakasogea apate gogo.

"Rudi kwa mbuzi," Bibi Wegesa alisema. "Nikodemo hakuwepo."

Nikarudia. Nilikuwa bado kwenye mistari ya mwisho walipofika wawili wa ng'ambo ya mto, ndugu zake mwenyewe, wale walioambiwa walimla huyo mbuzi. Bibi akawangoja mpaka wakanawa mikono, wakakaa, wakapumua.

"Rudi."

Mara ya tatu sauti yangu ilikuwa imekauka. Nilianza moja kwa moja: mbuzi alikuwa mwekundu, nilisema achinjwe, nilikula, nilidanganya.

"Mara ya kwanza kulikuwa na mvua," mzee Elia alisema.

"Mvua ilikuwepo, mzee."

"Sasa mbona umeiacha?"

"Haikuchinja mbuzi."

Wachache walicheka, si Bibi. Mmoja wa ndugu zake wa ng'ambo alinitazama juu mpaka chini, akatema mate pembeni, taratibu, bila kelele, akafuta mdomo.

Jua lilikuwa limepanda Mama Elieth alipotoka jikoni na maji ya kunawa. Alianza kwa Nikodemo, akaenda kwa wazee wengine. Akarudi na ugali wa ulezi na bakuli la maziwa, akaviweka mbele ya kiti cha plastiki, akapiga goti kidogo kama mkwe anavyotakiwa. Hakusema neno. Uwanja mzima uliangalia ule ugali, wa kwanza kumpikia Bibi kwa miaka saba.

Bibi Wegesa aliutazama mvuke ukipanda. Aliunganisha mikono mapajani.

"Bado kuna wale wa ukoo walioko Sirari," alisema. "Wamepiga simu, wako njiani. Wale ndio walionisema zaidi."

Akageuka kwangu. "Kunywa maji, mama. Utasoma tena."

Nikanywa maji. Ugali ukakaa pale, unapoa, na hakuna aliyeugusa, nami nikaupanga upya ule ukurasa mkononi, nikangoja watu wa Sirari.